Umeme wa Masinia Mawili

Swali lililonivua nguo lilitoka benchi la nyuma, Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa nimevaa tai.

Tai naitaja makusudi. Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na moja, shahada ya ualimu ninayo, ajira ya serikali bado haijanikumbuka, na nilikuwa nafundisha tuisheni ya Fizikia katika chumba cha ghorofa ya pili, Kariakoo, kwenye mtaa unaotokea Gerezani. Chini yetu kulikuwa na duka la spea za feni. Jirani wa kushoto alikuwa fundi cherehani, na wa kulia muuza mabegi mwenye kipaza sauti kilichorudia sentensi moja tangu asubuhi mpaka jioni. Mahali kama pale, mwalimu asipovaa tai watu watadhani amekuja kuzibua choo.

Wanafunzi wangu walikuwa kumi na mmoja, wote watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha sita. Walikuja kutafuta fomula, nami nikawapa fomula. Kwa fomula nilikuwa hodari. Kuzielewa lilikuwa jambo jingine, lakini kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza, tuliishi kwa amani.

Siku hiyo mada ilikuwa kapasita. Nikachora ubaoni mistari miwili iliyosimama ikitazamana.

"Haya ni mabati mawili," nikasema. "Yanatazamana bila kugusana. Hili lina chaji chanya, hili lina chaji hasi. Ukishayachaji, nishati inahifadhiwa. Kiasi chake ni nusu ya C mara V kipeo cha pili. Andikeni."

Wote wakaandika, isipokuwa mwanamke wa benchi la nyuma. Alinizidi kama miaka minne hivi, na alikuwa muuza vyombo hapo hapo Kariakoo: masufuria, mabeseni, masinia ya pilau. Shule aliiacha wiki chache kabla ya mtihani wake, akiwa mjamzito. Sasa yule mtoto alikuwa darasa la saba, na mama yake ameamua kurudi kwenye Fizikia pale pale alipoiacha.

"Ticha, hiyo nishati imekaa wapi?" akauliza.

"Kwenye kapasita."

"Nimesikia. Kapasita sehemu gani? Maana hapo umechora mabati mawili na uwazi."

"Kwenye mabati," nikasema. "Mabati ndiyo yenye chaji."

"Sasa mbona fomula ya C umeweka na umbali wa katikati? Mimi nauza masinia, ticha. Nikiyapanga karibu karibu au nikiyapanga mbali mbali, masinia ni yale yale. Kama nishati iko kwenye bati, huo uwazi unahusika nini?"

Watu wakageuka kumtazama, halafu wakageuka kunitazama mimi. Kipaza sauti cha jirani kikatangaza kwamba mabegi ya shule yameshuka bei. Nikatoa ile sentensi inayowaokoa walimu tangu ualimu uanze.

"Hilo haliko kwenye silabasi."

"Sawa, ticha," akasema, kwa sauti ile mama anayomjibia mtoto anayedai ameshapiga mswaki.

Liko kwenye silabasi. Kipindi kilipokwisha nilifungua kitabu changu cha chuo, kile nilichokipaka wino wa njano karibu kila ukurasa kana kwamba rangi inaleta akili. Katika ukurasa ambao wino haukufika, nikakuta maneno yenyewe, meupe kabisa. Nishati haikai kwenye mabati. Inakaa katikati, kwenye ule uwazi, katika uga wa umeme ulio kati ya bati na bati. Chini yake kulikuwa na jambo baya zaidi: ukishayachaji mabati, ukaondoa chanzo cha umeme, halafu ukayavuta yaachane, nishati inaongezeka. Nyongeza hiyo inatoka kwenye mkono unaovuta.

Nilisoma mara tatu. Nilikumbuka vizuri kwamba chuoni swali hilo lilitoka nikalijibu nikapata alama zote. Nilikuwa nimeandika jibu sahihi la kitu nisichokijua, nikapewa na cheti.

Ningeweza kunyamaza. Wanafunzi kumi wasingegundua mpaka kufa kwao. Tatizo lilikuwa wa kumi na moja.

Jumamosi nikaenda kwenye meza yake ya vyombo. Nikamkuta anafuta sufuria kwa kipande cha khanga.

"Mambo, dada?"

"Poa, ticha. Umekuja kununua au umeleta jibu?"

"Jibu. Siku ile niliwadanganya."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ulishika tai. Ukidanganya huwa unashika tai. Darasa zima tunajua."

Nikajaribu kukumbuka ni mara ngapi nimeshika tai tangu mwaka uanze, nikaacha, kwa sababu siku ilikuwa bado mbichi na sikutaka kuiharibu. Nikamweleza nilichosoma: uwazi, mkono unaovuta, yote. Alisikiliza bila kuacha kufuta sufuria lake.

"Yaani mimi nivute bati, hakuna betri, hakuna waya, na umeme uongezeke?"

"Kitabu kinasema hivyo."

"Wewe unasemaje?"

Nikakiri kwamba mimi sijui, kwa maana sijawahi kuona. Akanitazama kidogo, kisha akavuta masinia mawili mapya ya alumini, yale mapana ya kula watu wanane, akanikabidhi.

"Haya mabati. Yasipate mkwaruzo. Yakipata mkwaruzo, ticha, utakula pilau humo peke yako mpaka uzeeke."

Umeme niliupata kutoka kwenye raketi ya kuulia mbu, ambayo niliinunua kwa machinga wa mtaa wa Msimbazi. Raketi ile ukibonyeza kitufe, nyavu zake zinapata volti zaidi ya elfu moja, ndiyo maana mbu akigusa hulia pwaa. Nikaifungua, nikaunganisha waya mbili. Nailoni ya kuweka katikati ya masinia nilikata kwenye kitambaa cha meza ya chakula, ile nailoni nyembamba ya kung'aa. Nilijiona mwanasayansi mkubwa, mtu ambaye hata raketi hawezi kuinunua bila kupunguziwa bei.

Jumatatu, baada ya kipindi, tukajaribu pale darasani, mimi na yeye. Haikutokea kitu. Tulichaji, tukagusisha waya, kimya. Tukachaji tena. Kimya. Chumba kile kilikuwa na joto la kupikia, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kipaza sauti, na sisi wawili tunatiririka jasho juu ya masinia.

"Labda ni unyevu," nikasema. "Chaji inavujia kwenye unyevu."

"Umeshika tai, ticha."

"Nimeshika kwa sababu inanikaba."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini unyevu ndio uliokuwa umeleta shida kweli. Ilikuwa mwezi wa saba, na siku chache baadaye upepo wa kusi ukaanza kuvuma mkavu kidogo. Alhamisi asubuhi tukapanda na masinia yetu juu ya paa la zege, mahali wapangaji wanapoanika nguo. Tukayafuta kwa khanga safi, tukayaacha juani mpaka yakawa ya moto. Tukalilaza la chini kifudifudi, tukatandika nailoni, juu yake tukaweka la pili. Hilo la pili nilikuwa nimelifunga kamba nne za nailoni, kama sahani ya mizani, ili tulinyanyue bila kuligusa. Waya wa kupimia niliuvika ganda la kalamu ya biki nipate pa kushika.

Kwanza tukachaji tu, bila kunyanyua chochote. Nikaondoa waya za raketi, nikasogeza waya wa kalamu. *Tik.* Cheche ndogo, kama ya kiberiti kilicholowa. Tuliinama sote mpaka vichwa vikagongana.

"Haya," akasema. "Sasa la kunyanyua."

Nikachaji tena, nikihesabu mpaka tano kama mwanzo. Nikaondoa waya za raketi, nikashika kamba, nikavuta.

Sinia liligoma.

Halikugoma sana. Lilikuwa zito kuliko linavyopaswa kuwa sinia tupu la alumini, kana kwamba lile la chini limelishika pindo. Nilipozidisha nguvu likaachia, likapanda kiasi cha upana wa kidole, na bado nikawa nalisikia linavuta kurudi chini. Mkono wangu mwingine ukasogeza waya. *Taa!* Cheche ya buluu, ndefu kama punje ya mchele, ikaruka kabla sijagusa. Nilishtuka nikatupa kalamu.

Chaji ilikuwa ile ile. Raketi ile ile, hesabu ile ile ya mpaka tano. Kilichoongezeka ni mimi kuvuta.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimefundisha kitu hicho miaka mitano. Nilikuwa nimekiandika ubaoni labda mara thelathini, kwa mwandiko mzuri, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nakutana nacho. Macho yakaniwasha. Nikasingizia upepo.

"Nipishe," akasema mwenye masinia. Akachaji mwenyewe, akashika kamba, akavuta polepole. Nikaona uso wake unabadilika.

"Ticha, linanivuta!"

"Ndiyo."

"Sasa hii nguvu ninayotoa hapa inaenda wapi?"

Nilifungua mdomo nikataka kusema. Nikaufunga. Nadhani ndilo tendo la kwanza la ualimu nililowahi kufanya. Alisimama na sinia linaning'inia mkononi mwake, akilitazama lile la chini, akilitazama lile la juu, halafu akainama akachungulia katikati, ambako hapakuwa na kitu chochote ila mwanga.

"Inaingia humu," akasema taratibu. "Kwenye hewa hii. Si kwenye sinia. Masinia yamenishikia tu."

Tukarudia mara saba au nane. Tulikuwa kama watoto waliopata filimbi. Mara ya mwisho tukayachaji, tukayaacha yamelaliana, upepo ukaichukua kalamu yangu ikabingirika kuelekea ukingoni. Tukaikimbilia wote wawili. Hapo ndipo Bi Mkubwa alipotokea mlangoni mwa ngazi.

Bi Mkubwa ndiye mwenye nyumba, na lile duka la spea za feni chini lilikuwa lake. Familia yao ni Waarabu wa Kariakoo tangu enzi za babu yake. Alikuwa amekaribia miaka sabini, amekwenda Makka mara mbili, na ulimi wake ulijulikana mpaka Mnazi Mmoja. Kesho yake alikuwa na hitima nyumbani, watu wengi, vyombo havitoshi. Akapanda kutazama shuka zake, akaona masinia mawili mapya yanang'aa juani bila mwenyewe.

"Bi Mkubwa, usishike!" nikapiga kelele kutoka upande wa pili.

Kumwambia Bi Mkubwa asishike kitu kwenye nyumba yake ni kumwamrisha akishike. Akaweka mkono wa kushoto kwenye sinia la chini, na kwa wa kulia akakamata kamba za la juu, akalinyanyua kwa nguvu zote, likayumba likamgusa kiwiko.

Mlio tuliusikia kule tulikokuwa. Sinia likaruka. Kisha Bi Mkubwa akatamka neno ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu aliyekwenda Makka, na kwa ambao hawajaenda nimelisikia mara moja tu, kwenye ajali ya gari.

Tukamkimbilia. Mwenzangu akamshika mkono.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Pole, pole sana. Umeumia?"

"Marahaba. Niache nipumue." Akatazama kiganja chake, akatazama masinia, akatazama nailoni, akatazama raketi iliyopasuliwa tumbo. Nilijiandaa kufukuzwa. Nilishaanza kufikiria nitahamishia wapi ubao.

"Nani katengeneza hii kapasita?" akauliza.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Bi Mkubwa unaijua?"

"Naijua? Mwalimu, mimi nauza kapasita tangu wewe hujatahiriwa! Vidude hivi vimeniuma vidole vyote kumi. Mafundi wanafungua feni, wanasema imezimwa, haina umeme, wanaingiza mkono. Kila siku nawaambia, kuzimwa si kuisha. Piga bisibisi kwanza kwenye miguu yake itoe cheche iishe, ndiyo ushike." Akatikisa kile kiganja. "Lakini zangu ni saizi ya kiberiti. Wewe umesoma miaka mingapi mpaka ukaja kutengeneza ya saizi ya pilau?"

"Kumi na sita," nikasema.

"Basi warudishie ada."

Mwenye masinia alikuwa amegeuka kuzitazama shuka, mabega yanamtetemeka. Bi Mkubwa akamwona, akajaribu kukasirika, akashindwa. Wakacheka wote wawili, wakashikana, huku mimi nimesimama na kalamu yangu. Akataka aelezwe tulikuwa tunafanya nini. Mwanafunzi wangu akamweleza, si mimi, na akaeleza vizuri kuliko kitabu: umeme wa raketi unaotangulia, mkono unaoongeza, na mahali unapokaa.

"Kwa hiyo nilivyonyanyua kwa nguvu, nguvu zangu mwenyewe ndizo zimenipiga?" Bi Mkubwa akauliza.

"Nyingine ni zako, Bi Mkubwa. Nyingine za raketi."

Akafikiri. Niliona jambo linapita machoni mwake, nalo halikuwa la kisayansi.

"Kesho wifi yangu anakuja kwenye hitima," akasema. "Yule huwa lazima anyanyue kila sinia kuona chini limeandikwa limetengenezwa wapi. Nikiyaweka mlangoni hivi hivi yalivyo, yatakaa na umeme mpaka saa ngapi?"

Tulimkatalia. Ilituchukua muda. Aliridhika pale mwanafunzi wangu alipomwazima masinia mengine manne kutoka kwenye meza yake, yasiyo na umeme wowote. Hata hivyo, hitima ilipokwisha, niliambiwa kwamba kila wifi alipokaribia sinia Bi Mkubwa aliacha kula akamkodolea macho, mpaka yule mama wa watu akauliza kama ana jambo.

Jumatano iliyofuata nilisimama mbele ya darasa, nimeacha tai nyumbani. Nikawaambia kwamba wiki mbili zilizopita nilijibu swali nisilolijua, na jibu langu lilikuwa la uongo. Nikamwita mwenye masinia mbele, akafanya kila kitu yeye. Watu wakapanga foleni kuvuta zile kamba. Mzee mmoja mlinzi wa ghala, ambaye kwa miezi minne hakuwahi kusema neno, alivuta, akaachia, akavuta tena, akasema, "Loh!" akarudi kukaa na tabasamu.

Kisha kijana wa mbele, karani wa stoo, akanyoosha mkono.

"Ticha, na zile mada nyingine je?"

Hilo ndilo lililonigharimu. Nilipitia madesa yangu yote ya kufundishia, mada kwa mada, nikajiuliza kila mahali kama ningeweza kujibu *wapi* na *kwa nini*. Nikakuta sehemu nne ambazo nilikuwa nawalisha maneno. Nikazifundisha upya, kwa maji, kwa kamba, kwa mipira ya watoto, kwa spea alizonipa Bi Mkubwa bure kwa sharti kwamba nisimtengenezee tena kitu cha saizi ya pilau. Wanafunzi wawili wakahama. Walisema wamekuja kufaulu mtihani, hawakuja kucheza. Sikuwalaumu, mwaka mmoja nyuma ningesema vivyo hivyo. Waliobaki walikuwa wananiuliza maswali mpaka muuza mabegi anafunga duka, na mara nyingi nilijibu, "Sijui, ngoja nitazame," na paa halikuniangukia.

Mtihani ulipofika, swali la kapasita halikutoka. Hata moja. Nilimwona mwenye masinia siku ile akitoka kwenye chumba cha mtihani, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama nje ya geti.

"Ticha, wametuonea," akasema. "Wameuliza lenzi! Mimi na lenzi wapi na wapi?"

Matokeo yalipotoka alipata D ya Fizikia. Kwa wengine D ni msiba. Yeye alipanda ngazi mbio nikiwa katikati ya kipindi na darasa jipya, akasimama mlangoni na simu mkononi, akasema, "D!" kama mtu anayetangaza mtoto wa kiume. Wanafunzi wapya hawakumjua, wakapiga makofi kwa sababu hawakuona njia nyingine. Alikaa kwenye ngazi akalia, na mimi nikakaa pembeni yake, mwalimu mzima, sina hata leso.

D ile ilimtosha kuingia chuo cha ufundi kusomea umeme. Meza ya vyombo akamwachia mdogo wake kwa siku za juma, yeye akawa anauza Jumamosi na Jumapili. Siku ya kuanza chuo nilimsindikiza mpaka kituo cha mwendokasi cha Gerezani. Alivaa ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani na buti za karakana zilizomzidi namba moja, na alikuwa anatembea kwa kuinua magoti ili asijikwae.

"Nenda, ticha," akaniambia. "Una kipindi saa mbili."

"Watasubiri."

"Naogopa," akasema, bila kunitazama. "Wote watakuwa watoto wa miaka kumi na tisa."

Nikamwambia na mimi huwa naogopa kila Jumatatu. Akacheka kidogo. Basi likaja, likajaa, milango ikafunga, na nikauona mkono wake umeshika bomba la juu kati ya mikono ya watu wengine. Nilisimama pale mpaka lilipopinda kona, kisha nikaenda kufundisha, nimechelewa dakika kumi na tano.